Machozi hayakauki tangu nianze dripu, na sasa naombwa nisaini fomu ya utafiti wa macho

mama_cherehani (Moshi)

Habari za humu ndani jamani. Binti yangu ndiye aliyenifungulia akaunti, kuandika si kazi yangu, mnivumilie.

Nina kibanda cha kushona Kiboriloni, mwaka wa 19 huu. Umri miaka 54. Kisukari ninacho tangu 2016, natumia vidonge. Mwishoni mwa mwaka jana nikagundulika na saratani ya titi la kushoto, nikafanyiwa upasuaji, nikaanza dripu za dawa za saratani. Nne za kwanza zilikuwa za ile dawa nyekundu. Nilichoka, nywele zikaenda zote, lakini macho hayakuwa na neno. Kisha wakanibadilishia, sasa napata dosetakseli kila baada ya wiki tatu. Nimeshapata tatu, imebaki moja.

Baada ya ile ya pili machozi yakaanza. Silii. Nimekaa zangu, sina huzuni yoyote, chozi linatoka tu jicho la kulia na kushuka hadi kidevuni. Wiki mbili mbele na la kushoto likafuata. Asubuhi nikitembea kutoka kituoni, upepo ukipiga kidogo tu, nafika kibandani uso umelowa, wenzangu wa mitumba wananiuliza, "Mama, kuna msiba?" Na kwa kazi yangu ni balaa. Nikitunga uzi, tundu la sindano naliona mawili. Mwezi uliopita nilikuwa namalizia gauni la komunyo, satini nyeupe, chozi likadondoka kifuani mwa gauni. Mnaoijua satini mnajua, maji yakikauka yanaacha duara. Nimefua kipande kizima, nimepiga pasi na kitambaa juu, duara lipo. Ikabidi nilifunike kwa ua la lesi ambalo mwenye gauni hakuagiza. Alilipenda, ila mimi usiku ule sikulala.

Kliniki ya saratani nilisema. Nikajibiwa ni kawaida, dawa zikiisha yataisha, lakini ukitaka nenda kwa watu wa macho. Nikaenda sehemu moja, siitaji jina. Hawakuuliza natumia dawa gani. Tochi, "una aleji ya vumbi", matone, lipa, kwaheri. Chupa ilipoisha nikarudi, nikaambiwa haya ya dripu kawaulize waliokupa dripu. Basi nimekuwa kama mpira wa makaratasi, huyu akipiga teke yule anarudisha. Katikati ya hapo nikaingia duka la miwani, wakanipima siku mbili baada ya dripu, nikatoa 85,000. Wiki iliyofuata miwani ile ikawa kama chupa ya soda usoni, sioni nayo mbali wala karibu.

Sasa jambo lenyewe. Juzi nikiwa kwenye benchi nasubiri majibu ya damu, akaja dada mmoja na kishikwambi, mpole, akaniuliza kama nina shida ya macho tangu nianze matibabu. Nikamwambia yote. Akasema kuna utafiti wa macho ya wagonjwa wa saratani na kisukari, nikikubali watanipima macho, watapiga picha ndani ya jicho, watapima njia ya machozi, damu kidogo ya sukari, halafu watanifuatilia miezi 12. Nauli wanarudisha. Akanipa fomu nikasome nyumbani, karatasi nne za Kiswahili.

Kaka yangu wa Uru aliposikia akawaka. Anasema nisithubutu, wanataka kunijaribia dawa, tena akaleta na hadithi za mumiani tulizotishiwa nazo utotoni. Nikacheka, lakini usiku nikawaza. Nikikataa, hawatanipa ile dripu ya nne? Nikikubali, watanitia kitu machoni kisichojulikana? Na haya machozi ni dawa kweli, au kisukari, au ndio uzee umefika? Mwenye kujua anisaidie.

---

Mwalimu_Mstaafu (Arusha, Sanawari)

Pole sana dada yangu, Mungu akuvushe.

Mimi ni mzee, nitasema wazi. Utafiti nimehojiwa mara mbili maishani, mara moja nikiwa bado nafundisha na mara moja kwenye kliniki ya presha. Maswali saa nzima, soda moja, asante mzee. Mpaka leo sijui walipata nini. Wanaandika, wanapata shahada zao, sisi tunabaki na matone yetu. Kwa hiyo kabla ya kusaini waulize jambo moja tu: majibu ya jicho langu nitapewa lini, na nani? Akibabaika, rudisha fomu yake.

Ya mumiani mwambie kaka yako aache.

---

nesi_wa_macho (Moshi)

Shikamoo mama, na pole kwa safari hii yote. Mimi ni nesi wa macho, mwaka wa 12 kazini. Sijakuona, kwa hiyo ninachoandika ni cha kukusaidia uulize vizuri ukifika, sitibu kwa simu.

Chukua kioo. Vuta kidogo kope la chini, angalia ukingo wake karibu na pua. Kuna kitundu, kama vile ncha ya sindano yako nyembamba kabisa imechoma hapo. Kope la juu lina kingine. Machozi yanaingia humo, yanapita kwenye vimrija vyembamba hadi kwenye kifuko kando ya pua, kisha puani. Ndiyo maana mtu akilia kamasi nazo zinatoka. Sasa dosetakseli, ikishaingia mwilini, inatoka pia kwenye machozi. Hilo si la kubuni. Huko Houston, Marekani, kundi la daktari Bita Esmaeli wa hospitali ya saratani ya MD Anderson waliikuta dawa hiyo ndani ya machozi ya wagonjwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inaaminika kila chozi linalopita linaziudhi kuta za vile vimrija, zinavimba, zinafanya kovu, njia inasinyaa. Yaani bomba halijaongeza maji, mfereji ndio umeziba, na maji yanamwagikia uani. Kundi hilohilo lilionyesha kwamba wanaopata dawa hiyo kila wiki wanapata tatizo hili zaidi kuliko wa kila wiki tatu kama wewe. Zaidi, lakini wa wiki tatu nao wanapata.

Kwa hiyo aliyekuambia "yataisha" hakukudanganya, kwa wengi dawa ikisimama machozi yanapungua. Kwa wengine kovu linabaki. Na hapo ndipo muda una maana. Njia ikiwa imesinyaa tu, daktari bingwa anaweza kuipanua na kuweka vimrija laini vya silikoni, vikakaa miezi kadhaa vikizuia isifunge. Ikishafunga kabisa ni upasuaji mwingine mkubwa zaidi, wengine huwekewa kimrija cha kioo kutoka kona ya jicho hadi puani. Nimeona mama mmoja aliyefika akiwa amechelewa. Alikuwa anatembea na taulo shingoni.

Ila tusikimbilie kuhukumu. Kope zako zimepukutika na nywele? Jicho lisilo na kope linapata vumbi, linatoa machozi. Jicho kavu nalo, la ajabu, linatoa machozi, linajitetea. Ndiyo maana tochi peke yake haitoshi. Wanaweka tone la rangi ya njano na kuangalia kwa mwanga wa bluu linachukua muda gani kuondoka. Kisha wanapitisha maji ya chumvi kwenye kile kitundu kwa sindano butu. Haiumi, inatekenya vibaya. Ukiionja chumvi kooni, njia ipo.

Kuhusu miwani: siku unayopata dripu na siku ya kabla na ya baada, kuna vidonge vya deksamethazoni umepewa, sivyo? Vile vinapandisha sukari. Sukari ikipanda, lenzi ya ndani ya jicho inabadilika na namba ya miwani inabadilika nayo. Waliokupima siku zile walipima sukari yako, hawakupima jicho lako. Tunza hiyo miwani, upimwe upya sukari ikishatulia wiki kadhaa. Na vidonge hivyo usiviruke hata kimoja, vinazuia mwili kuvimba na kuikataa dripu.

Swali langu kwako: katika miaka yote ya kisukari, umewahi kutiwa matone ya kupanua mboni wakaangalia nyuma kabisa ya jicho?

---

mama_cherehani

Marahaba mwanangu, ubarikiwe. Kope zimepukutika, ndiyo, nyusi zimebaki kama saba hivi. Matone ya kupanua mboni sijawahi. Kliniki ya kisukari wananipima sukari, presha, na miguu. Nimejitazama kwenye kioo cha cherehani, kulia kitundu hakionekani kabisa, kushoto kama kipo.

Ile fomu sasa, ni ya kunijaribia dawa au hapana?

---

nesi_wa_macho

Miaka yote hiyo bila kupanuliwa mboni! Mama, hiyo ingekuwa kila mwaka. Mishipa ya nyuma ya jicho ikiharibiwa na sukari haiumi na mwanzoni huoni tofauti yoyote, ndiyo mtego wake. Hapa Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC walianzisha mpango wa kupiga picha macho ya wenye kisukari mkoani tangu 2010, kwa sababu watu walikuwa wanafika na jicho limeshajaa damu.

Fomu: kwa unavyoieleza, picha, vipimo na kufuatiliwa, inaonekana ni utafiti wa kuangalia tu kinachotokea. Lakini usinisikilize mimi, isome. Tafuta maneno kama "kundi la kwanza na kundi la pili", "kwa kura", "dawa inayofanyiwa majaribio". Ukiyakuta, hapo kuna dawa inalinganishwa na utapaswa kuelezwa kwa kirefu, na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wawe wameipitisha. Usipoyakuta, wanaangalia. Kwa vyovyote vile lazima pawe na namba ya kibali cha kamati ya maadili, kwa kawaida chuo chenyewe na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na namba ya simu ya kuulizia. Na pawe pameandikwa kwamba ukikataa, au ukijitoa katikati, matibabu yako hayaguswi. Dripu ya nne ni haki yako ukisaini au usisaini. Chukua nakala ubaki nayo.

Mwalimu, shikamoo. Ulilosema la majibu ni kweli kabisa, na sisi wa hospitali tuna deni hapo.

---

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Deni unalikubali, vizuri. Basi nitajie utafiti mmoja wa macho uliofanyika hapa kwetu ukamsaidia mtu wa hapa. Mmoja tu.

---

KijengeJuu (Arusha)

Shikamooni wazazi. Naingilia kidogo kwa sababu yangu si saratani ila yanafanana.

Nina lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inajishambulia yenyewe. Natumia haidroksiklorokwini, na kwa kweli imenirudisha kazini. Sehemu niliyoanzia (hata mimi siitaji) walinipa miligramu 400 kila siku, kama wanavyompa kila mtu. Hakuna aliyenipandisha kwenye mzani. Mimi nina kilo 52. Miaka mitatu baadaye daktari mwingine akauliza uzito, akapiga hesabu kwenye kisanduku cha dawa: mwongozo wa madaktari wa macho wa Marekani wa 2016 unasema isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito halisi kwa siku. Kwangu ni 260. Nilikuwa namezeshwa karibu 8 kwa kilo. Tangu hapo ni kidonge 1 cha miligramu 200 siku tano za wiki, vidonge 2 siku mbili, nimeandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Dawa ile ikizidi inakula katikati ya kioo cha nyuma ya jicho polepole, na kikishaliwa hakirudi hata ukiiacha.

Namshukuru Mungu picha zangu ziko safi mpaka sasa. Ila hiyo 5 kwa kilo, mtu hakuiota. Kuna wagonjwa huko waliokubali kupigwa picha macho yao miaka na miaka, dozi zao zikaandikwa, uzito wao ukaandikwa. Nikiwaza hivyo fomu hainitishi sana. Jamani msipunguze dawa zenu kwa hesabu yangu lakini, mwende na kilo zenu kwa daktari.

---

nesi_wa_macho

KijengeJuu asante, hiyo ya mzani nitaibandika ukutani.

Mwalimu, nakujibu. Presha ya macho. Kuna utafiti ulifanyika hapahapa Moshi, KCMC, wagonjwa 201, Watanzania. Waligawanywa kwa kura, wengine matone ya timolol, wengine leza ya dakika chache inayosaidia maji ya ndani ya jicho kutoka. Baada ya mwaka mmoja, waliotumia matone macho yaliyokuwa yamedhibitiwa vizuri ni 31 kwa 100. Wa leza, 61 kwa 100. Ulichapishwa 2021 kwenye jarida la kitabibu la Lancet Global Health. Na sababu unaijua kuliko mimi: matone yanaisha, hela ya kununua mengine haijapatikana, mgonjwa anaishi mbali, mkono unatetemeka tone linaangukia shavuni.

---

Mwalimu_Mstaafu

Wewe binti.

Matone hayo ya timolol ndiyo ninayotumia, mwaka wa sita. Kila mwezi nafunga safari kuyatafuta, kuna miezi hayapo Arusha nzima. Na hakuna mtu aliyewahi kunitajia leza. 2021!

---

nesi_wa_macho

Si kila presha ya macho inafaa kwa leza Mwalimu, inategemea kona ya ndani ya jicho lako, pale maji yanapotokea, imefunguka kiasi gani. Lakini swali la kuuliza unalo. Na matone usiache ukisubiri jibu. Una pumu? Nauliza kwa sababu timolol haimfai mwenye pumu.

---

Mwalimu_Mstaafu

Sina pumu. Nina hasira.

---

mama_cherehani

Narudi na mrejesho, nimechukua siku kumi, samahanini. Nilikuwa na dripu ya mwisho katikati, ilinilaza.

Fomu tuliisoma mimi, binti na kaka, mezani, taa imewashwa. Hakuna kura, hakuna dawa. Namba ya kibali ipo ukurasa wa kwanza. Kaka bado hakuridhika, akasema atanisindikiza. Tulipofika, kabla hata hatujakaa, akatoa simu akapiga ile namba iliyoandikwa kwenye fomu. Simu ikaita chumba cha pili, mlango uko wazi. Akatoka daktari wa utafiti ameishika sikioni, "Haloo?" Kaka naye, "Haloo," wakiwa wanatazamana. Tulicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa mara ya kwanza kwa sababu ya maana.

Nikamuuliza swali la Mwalimu. Hakubabaika. Akasema majibu ya macho yangu nitapewa siku hiyohiyo kwenye karatasi na nakala itaingia faili langu la saratani, ya utafiti mzima yatachukua muda, ila wakimaliza wataitisha kikao cha wagonjwa. Nikamwambia andika hapo pembeni ya nakala yangu. Akaandika na kusaini.

Basi wakaniweka ile rangi ya njano. Leso yangu mpaka leo ina njano, nimefua mara mbili. Kisha maji ya chumvi. Kushoto, alipobonyeza, nikahesabu moja, mbili, tatu, chumvi ikafika kooni, kidogo, kama mtu aliyemeza maji ya bahari kwa bahati mbaya. Kulia hakuna. Maji yalirudi yote, yakatokea kitundu cha juu, yakanishukia shingoni. Daktari akaniambia kulia njia imesinyaa sana ila bado anahisi kuna upenyo, kushoto ni nusu. Nimepangiwa vimrija vya silikoni macho yote mawili, lakini wanasubiri damu yangu, chembe nyeupe zilishuka baada ya dripu, hawataki nipate maambukizi.

Halafu mboni. Nilitoka pale mwanga unachoma kama pasi, kaka akanivalisha kofia yake ya Simba. Nyuma ya jicho kuna vidoa vidogo vya damu vya kisukari, vichache, hatua ya mwanzo. Havihitaji leza sasa, nirudi miezi sita na nishushe sukari. Na kwa kuwa sasa naanza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi, nimeuliza na hiyo: kwa dozi yangu ya 20 kwa siku kuleta shida kwenye jicho ni nadra, niimeze bila woga, nikiona mabadiliko niseme.

Jambo lililonigusa ni dogo. Yule dada wa kishikwambi aliniuliza machozi yalianza baada ya dripu ya ngapi, tarehe gani, jicho lipi kwanza. Akaandika. Miezi miwili nimezunguka na hili jambo na hakuna faili hata moja lenye neno "machozi".

Nimesaini. Kaka akaomba na yeye apimwe macho, akaambiwa utafiti si wake.

---

nesi_wa_macho

Mama nimefurahi sana. Usiyapikiche hayo macho, futa kwa kitambaa safi kutoka juu, taratibu, usivute ngozi ya kope. Siku ya vimrija nenda na kadi ya kisukari na uwaambie dawa zote unazomeza. Vikishawekwa utahisi kama uzi kwenye kona ya jicho. Usiuvute! Najua nyie mafundi mkiona uzi umechomoza.

---

mama_cherehani

Hahaha, mkono umeshaniwasha kabla havijawekwa.

Mwalimu, umeuliza ya leza?

---

Mwalimu_Mstaafu

Alhamisi. Nimeandika maswali manne kwenye daftari, na la tano ni hilo la kona.